Sikio la farasi mchanga: kinachoonekana na kinachouma

Farasi wa miaka miwili huweza kukubali karibu kila kitu. Huinua kwato akiguswa mguu, huvumilia brashi tumboni, hupita kando ya trekta inayonguruma asigeuze hata shingo. Lakini mkono ukianza kupanda kutoka shingoni kuelekea utosini, kabla haujafika, kichwa kimeshapaa juu na mwenye mkono amebaki kashika hewa. Kesho yake mwenye farasi anachungulia kwa mbali, anaona ndani ya sikio mabaka meupe kama chokaa inayobambuka ukutani, na papo hapo shauri linakwisha: mabaka ndiyo yanayomuuma, itafutwe dawa ya mabaka.

Mara nyingi shauri hilo limekatwa mapema mno. Sikio la farasi mchanga linaweza kuwa na tatizo la ngozi lisilouma, linaweza kuwa na maumivu yasiyoonekana kwenye ngozi, au likawa zima kabisa huku farasi akilikumbuka kama mahali pa mateso. Mambo haya matatu hukutana mara kwa mara katika sikio moja, na ndiyo maana huchanganywa. Anayetibu moja akidhani ametibu yote humaliza makopo ya dawa na farasi akazidi kuwa mkali.

Ngozi iliyobana juu ya gegedu

Sikio la nje la farasi ni bamba la gegedu lililokunjwa kama faneli na kuvikwa ngozi nyembamba iliyobana kotekote. Begani au kiunoni ngozi ina misuli na mafuta chini yake, kwa hiyo uvimbe hupata pa kutanukia. Sikioni nafasi hiyo haipo. Kidonda ambacho kingekuwa kero ndogo begani, sikioni huwa maumivu ya kweli, kwa sababu ngozi iliyovimba haina pa kwenda.

Jambo la pili ni macho. Farasi huona eneo kubwa sana pande zake zote mbili, lakini hawezi kuona kilicho nyuma ya kichwa chake wala kilicho karibu kabisa na paji la uso. Mkono unaolifuata sikio kwa hiyo hutoka machoni pake katika hatua ya mwisho, pale pale anapotaka kujua unakwenda kufanya nini. Hata farasi asiye na ugonjwa wowote ana haki ya kuuliza maswali hapo.

Jambo la tatu linahusu usafi, na hapa watu wengi huharibu kwa nia njema. Nta kidogo ya kahawia iliyochanganyika na vumbi ni hali ya kawaida. Tofauti na mbwa, farasi mara chache sana hupata uambukizo wa mfereji wa sikio, hivyo hakuna haja ya kusafisha ndani kila wiki wala kuchokonoa kwa pamba. Nywele zilizojaa ndani ya sikio nazo zina kazi: huzuia inzi, vumbi na mbegu za nyasi. Kuzinyoa ili kichwa kipendeze kwenye maonyesho ni kumvua farasi chandarua chake wakati mbu wamejaa.

Mabaka meupe

Turudi kwenye ile chokaa. Mabaka meupe ya sikio huota upande wa ndani, mara nyingi katika masikio yote mawili, yakiwa bapa au yameinuka kidogo, mengine madogo kama punje ya dengu, mengine yameungana yakafunika sehemu kubwa ya ngozi. Juu yake kuna ganda jeupe linalobanduka. Likibanduka, chini huonekana ngozi ya waridi inayong'aa. Si fangasi, ingawa watu wengi hulipaka dawa ya fangasi kwa miezi. Chanzo chake ni virusi vya papiloma, jamaa wa virusi vinavyosababisha chunjua, na aina kadhaa za virusi hivyo zimekutwa ndani ya mabaka haya. Havipiti kutoka kwa farasi kwenda kwa mtu.

Vinafikaje sikioni? Mshukiwa mkuu ni usubi, wale inzi wadogo weusi wenye mgongo wa nundu wanaozaliana kwenye maji yanayotiririka. Kwa binadamu tunawajua kwa ugonjwa wa upofu wa mtoni. Kwa farasi, hupenda mno ngozi ya ndani ya sikio, huuma hasa alfajiri na magharibi, na huacha vijidonda vyenye ukoko wa damu. Kila kijidonda ni mlango.

Jambo ambalo mwenye farasi huwa hataki kulisikia ni kwamba mabaka hayo kwa kawaida hayaondoki yenyewe. Chunjua za farasi mchanga hupukutika; mabaka haya hubaki miaka, pengine maisha yote. Lakini mara nyingi sana hayaumi. Kuna farasi wazee wenye masikio meupe ndani kama yaliyopakwa rangi, na unaweza kuyasugua masikio hayo mpaka mnyama akasinzia. Kinachouma mara nyingi ni kuumwa na inzi juu ya mabaka au kando yake, au vidole vya binadamu vinavyokwangua ganda ili kuona chini kuna nini.

Dawa ipo. Krimu ya imikwimodi ya asilimia 5, iliyotengenezwa kwa ajili ya chunjua za sehemu za siri za binadamu, imetumika kwa farasi na mabaka mengi yameondoka. Haiui virusi moja kwa moja, bali huamsha kinga ya mwili iishambulie ngozi iliyoathirika. Maana yake ni kwamba sikio litavimba, litachubuka, litatoa majimaji na kushika vigaga vizito, na vigaga hivyo huondolewa kabla ya kupaka tena, mara kadhaa kwa wiki, kwa vipindi vinavyoweza kufika miezi. Farasi wengi hulazimika kupewa dawa ya kutuliza kila mara. Ndiyo gharama halisi: unachukua sikio lisilouma, unaliumiza kwa makusudi mara kumi au ishirini, kisha unashangaa farasi hataki kuvaa hatamu.

Msimamo wangu ni huu: kama mabaka hayamsumbui farasi, yaachwe. Nimeona watu wakihangaika na sikio kwa sababu tu linawakera wao wanapolitazama. Tiba hiyo ina mahali pake pale daktari wa mifugo anapojiridhisha kwamba mabaka yenyewe ndiyo kero, na pale ambapo kuna mtu atakayeweza kuikamilisha. Kuianza na kuiacha katikati ni hasara mbili.

Yanayofanana nayo, lakini siyo

Kabla ya kusema "ni mabaka tu", kuna majirani wa kuchunguzwa. Chunjua ndizo rahisi kuliko zote. Huwapata zaidi farasi walio chini ya miaka mitatu, hutokea kwa mafungu puani, midomoni, kuzunguka macho na wakati mwingine sikioni, zikiwa na kichwa kama koliflawa ndogo ya kijivu. Kinga ya mwili ikikomaa hukauka na kuanguka, kwa kawaida ndani ya mwezi 1 hadi 9. Kazi ya mwenye farasi ni kutozikata na kutotumia brashi moja kwa kundi zima.

Choa ni jambo jingine. Huja kama duara lenye vigaga ambapo nywele hung'oka kwa vishungi, mara nyingi kwanza mahali mikanda inaposugua, pamoja na chini ya masikio. Kati ya kuambukizwa na kuonekana hupita wiki 1 hadi 4, kwa hiyo farasi mgeni anaweza kuingia bandani akiwa msafi kwa macho na kuacha fangasi kila anapopita. Choa humpata binadamu pia. Ukianza kujikuna mkononi baada ya kumhudumia, usiendelee kubahatisha.

Sakoidi ndiyo inayohitaji adabu. Ni uvimbe wa ngozi unaopatikana kwa wingi kuliko uvimbe mwingine wowote wa farasi, unahusishwa na virusi vya papiloma vya ng'ombe, na hujitokeza zaidi mnyama anapokuwa kati ya miaka mitatu na sita. Hausambai ndani ya mwili kama saratani nyingine, lakini mahali ulipo huweza kula ngozi vibaya, na sikio ni mojawapo ya makao yake. Hila yake ni sura nyingi. Unaweza kuwa kipande bapa kisicho na nywele chenye magamba ya kijivu, ukadhani ni choa iliyokataa kupona. Unaweza kuwa kinundu kilichojificha chini ya ngozi. Unaweza kuwa kidonda chekundu kinachovuja damu. Na mara nyingi ukiuchokoza hukasirika: kipande kilicholala miaka miwili kikikatwa nusu, kikifungwa uzi au kikipakwa asidi ya kubahatisha, huweza kuamka na kukua upesi kuliko mwanzo. Hata daktari hufikiri mara mbili kabla ya kunyofoa kipande kwa ajili ya maabara, na akifanya hivyo hutaka awe na mpango wa tiba tayari. Basi mwenye farasi mwenye wembe mkononi na ajiulize yeye ana mpango gani.

La mwisho huwafanya watu wadhani wanataniwa. Kwenye shina la sikio la farasi aliye chini ya miaka mitatu pakitokea uvimbe, au kitundu kwenye ukingo wa sikio kinachotoa ute mzito usiokoma hata ukisafishwa vipi, huenda ndani yake mna jino. Ni kosa la uumbaji tangu tumboni: chembe zilizokusudiwa kujenga meno zilipotea njia zikabaki karibu na fuvu, nazo zikafanya kazi yake kwa uaminifu mahali pasipo pake. Hakuna antibayotiki itakayofunga kitundu hicho. Hupigwa picha ya eksirei, kisha daktari wa upasuaji huondoa kifuko na kilichomo.

Wanaouma na kujificha

Kupe wakubwa huonekana. Tatizo ni wale wasioonekana. Yupo kupe laini wa sikio ambaye lava na tunutu wake huishi ndani kabisa ya mfereji, wakinyonya kwa majuma, hata miezi, bila kutoka nje. Dalili huwa farasi anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayetikisa kichwa, ambaye sikio lake limelegea pembeni. Wakati mwingine dalili hupotosha kabisa: misuli ya kifua na tumbo hukakamaa kwa vipindi, mnyama akatoka jasho na kulala chini, kila mtu akaamini ni chango, yaani msokoto wa tumbo. Kupe hao wakiuawa, mnyama hurudi katika hali yake upesi mno kiasi kwamba mtu huona haya kwa siku alizopoteza akimpigisha matembezi ya tumbo.

Utitiri wa sikio nao husababisha kujisugua na kutikisa kichwa, na huthibitishwa kwa hadubini, si kwa macho.

Hapa lazima niseme jambo ambalo linaweza kuokoa uhai. Amitrazi, dawa inayotumika sana kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, haifai kwa farasi. Hulegeza mwendo wa utumbo na inaweza kumletea kuziba kwa tumbo kunakoua. Mtu anayefuga ng'ombe na farasi pamoja huwa na ndoo moja na mazoea mamoja, na sikio lenye kupe ndiyo sababu ya kwanza ya kuchovya kitambaa katika ndoo hiyo. Asifanye hivyo. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari navyo viachwe huko huko gereji: vinaunguza ngozi ambayo tumeshasema haina pa kuvimbia. Wala usimimine kimiminika chochote ndani ya mfereji kabla ya daktari kujua kama kiwambo cha sikio ni kizima.

Kisha kuna wadudu wadogo kuliko mbu, wanaozaliana kwenye tope na samadi mbichi, ambao mate yao huwaletea baadhi ya farasi mzio mkali. Farasi wa namna hiyo hujikuna nywele za shingo na mkia hadi zinakatika, na ncha za masikio hubaki na vigaga. Mzio huu hauanzi kwa mwanafarasi wa miezi mitatu. Huhitaji misimu ya kuumwa, ndiyo maana wengi huonyesha dalili wakiwa na miaka miwili hadi minne, na hurithiwa kwa sehemu. Farasi wa Iceland wametoa somo la ajabu kuhusu jambo hili. Kisiwani kwao wadudu hao hawakujulikana kwa karne nyingi. Waliozaliwa huko na kupelekwa Ulaya bara wakiwa wamekwisha kukua hupata mzio kwa wingi kuliko ndugu zao waliozaliwa huko huko bara wakiumwa tangu wadogo. Inaelekea mwili unaokutana na mdudu mapema hujifunza kumvumilia.

Kinga dhidi ya wote hawa ni kazi ya kila siku. Usubi hauchangamkii mahali penye giza lililofungwa, kwa hiyo kumwingiza farasi bandani saa za alfajiri na jioni husaidia. Wale wadudu wadogo wa topeni ni warukaji dhaifu mno, hata feni ya kawaida huwashinda. Barakoa ya inzi yenye mifuko ya masikio ni msaada mkubwa, mradi ivuliwe kila siku na kukaguliwa ndani, kwa sababu inzi mmoja aliyefungiwa humo ni balaa kuliko kumi walio nje. Tabaka jembamba la vaselini upande wa ndani wa sikio huwafanya inzi wasipate pa kutua. Dawa ya kufukuza wadudu, mathalani ya permethrini iliyotengenezwa kwa farasi, ipakwe kwa kitambaa kilicholowanishwa. Kuinyunyizia kwenye sikio ni kumpigia nyoka mluzi sikioni: sauti ya *shhh* pekee inatosha kumharibia farasi wiki nzima.

Neno moja kuhusu jua. Farasi mwenye ngozi ya waridi masikioni huungua kama mtu mweupe, na kivuli na barakoa ndivyo dawa. Lakini ngozi nyeupe ikiungua ghafla puani, usoni na miguuni kwa pamoja, huenda ini limeathirika na mimea yenye sumu. Hapo anayehitaji kutazamwa ni farasi mzima na malisho yake.

Sikio lisilo na kitu

Umetazama kwa tochi, umelinganisha sikio hili na lile, umepiga picha, hujaona chochote. Bado anapaa.

Uliza umri wake, halafu hesabu meno. Kati ya miaka miwili na nusu na minne na nusu farasi hubadilisha meno 24 ya utoto. Ni kipindi kile kile anachoanza kufundishwa lijamu, kile chuma cha mdomoni. Maumivu ya taya hupanda mpaka utosini, na farasi hana njia ya kukwambia kwamba analinda fizi, si sikio. Kisha tazama hatamu yenyewe. Ukanda wa paji la uso ukiwa mfupi, huvuta ukanda wa utosini mbele hadi ukakandamiza shina la masikio yote mawili. Kichwa cha farasi wa miaka miwili si kichwa cha mwaka unaofuata. Hatamu iliyomkaa vizuri juzi inaweza kuwa inambana leo, na hakuna aliyelegeza tundu hata moja. Akitikisa kichwa kwa mishtuko akiwa anapandwa tu, hasa kwenye jua kali, na bandani ametulia, fikiria mshipa wa fahamu wa usoni kabla ya sikio.

Na ikiwa meno ni salama na hatamu inamkaa, basi limebaki la kumbukumbu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Pengine kupe aling'olewa kwa koleo mwaka jana. Pengine alipakwa krimu miezi miwili. Pengine mtu alimshika sikio akalisokota ili apigwe sindano, desturi ya zamani ambayo bado ipo. Wapo wanaoitetea kwa kuilinganisha na kubana mdomo wa juu kwa kamba, lakini vipimo vimeonyesha vitu hivyo haviko sawa: mdomo ukibanwa kwa dakika chache mapigo ya moyo huweza kushuka, ilhali sikio likibanwa mapigo hupanda na homoni za msongo huongezeka. Farasi anayesimama tuli kwa kusokotwa sikio amesimama kwa hofu, na hofu hiyo ataidai siku utakayokuja na hatamu.

Mkono unaoondoka kwa wakati

Mafunzo yasianze sikio likiwa bado na kidonda. Hili watu hulikubali kwa mdomo na kulivunja kwa vitendo, kwa kuwa dawa lazima ipakwe. Suluhisho ni kutenganisha. Siku ya dawa fanya dawa: haraka, kwa upole, ikibidi kwa dawa ya kutuliza ya daktari, mahali pengine na saa nyingine. Siku ya mafunzo mkono usibebe kitu chochote. Farasi hutambua tofauti hiyo upesi kuliko tunavyodhani, hata harufu ya krimu humtosha.

Ufunguo uko kwenye sekunde ya kuondoa mkono. Farasi akipaa na mkono ukaondoka, amefundishwa kupaa. Ukifanya hivyo mara ishirini umekuwa mwalimu hodari wa somo usilolitaka. Basi anza mbali, mahali asipojali, tuseme katikati ya shingo. Sugua, panda, shuka. Mkono uende na kurudi kama wimbi, kila wimbi likifika juu kidogo, na lirudi kabla yeye hajaomba. Akikaza shingo, usisonge mbele wala usikimbie. Baki pale pale na mkono mwepesi hadi atakapolegea hata kwa nywele moja, kisha ondoka. Anachokumbuka ni kwamba kulegea ndiko kulikoondoa mkono.

Ukifika karibu na sikio, lipite. Telezesha mkono kutoka utosini kupitia nyuma ya sikio hadi shavuni kana kwamba sikio ni jiwe mtoni na mkono ni maji. Tumia mgongo wa kiganja au kigasha, kwa kuwa vidole vilivyokunjwa vinafanana na vidole vinavyokamata. Wiki ya pili au ya tatu kiganja kizingire shina la sikio na kuteleza kwenda juu, kufuata nywele zinakolala. Usikamate ncha kamwe. Ndani ya sikio kuje mwisho kabisa, nako kwa kidole gumba kimoja kwenye ukingo. Dakika tano zinatosha, na anza na sikio lililo rahisi zaidi. Karibu kila farasi analo.

Wakati huo huo bado lazima avalishwe kitu kichwani. Fungua ukanda wa shavuni, zungusha hatamu nyuma ya masikio kama unavyovaa mkufu, kisha funga kifungo pembeni. Inachukua nusu dakika zaidi. Kuna watakaosema huko ni kumdekeza. Wao ndio utakaowakuta asubuhi wakipanda juu ya ndoo ili wafikie kichwa kilicho darini.

Weka pia daftari. Andika tarehe, sikio la kulia au kushoto, ndani au nje, ukubwa ukilinganisha na kitu unachokijua, na hali ya hewa. Piga picha kila baada ya wiki mbili kwenye mwanga ule ule. Baka lililokaa vile vile miezi sita linaweza kusubiri. Lililobadilika sura, likatoa damu, harufu au usaha, halisubiri. Usisubiri pia sikio likining'inia ghafla, kichwa kikiinama upande mmoja, mdomo ukivutwa pembeni, au farasi akishindwa kutafuna: hizo si dalili za ngozi, na simu kwa daktari ipigwe siku hiyo hiyo.

Itafika asubuhi ambayo utamgusa masikio yote mawili na yeye atashusha kichwa. Usidhani umemaliza. Amekukubali wewe, kwa mkono wako, mahali penu pa kila siku. Mwite saisi mwingine afanye vile vile, kisha mtu ambaye farasi hajawahi kumwona, mwenye glavu na harufu ya zahanati. Kwa kila mgeni mtarudi nyuma hatua mbili tatu, shingoni tena, wimbi tena, ila safari hii njia itakuwa fupi. Siku daktari atakapohitaji kutazama ndani ya sikio hilo, mgeni wa kwanza mwenye tochi asiwe yeye.